Maneno Yaliyokwenda Pipani

Kwa miaka ishirini na miwili aliyokaa katika masijala ya shule ile ya sekondari, Karani hakuwahi kutupa karatasi. Barua iliyokosewa tarehe aliipiga mstari wa wino mwekundu pembeni, akaiweka katika jalada la kijivu lililoandikwa "Haitumiki". Jalada likijaa, alifungua jingine. Walimu walimtania kwamba hata bahasha tupu katika chumba kile ilikuwa na namba ya usajili. Yeye hakujali. Wakuu wanne wa shule walikuwa wamekuja na kuondoka, na kila mmoja, siku moja au nyingine, alimjia akitokwa jasho, akitafuta barua ambayo mtangulizi wake alikuwa ameapa kwamba haikuwahi kuandikwa. Kila mmoja aliipata. Machoni pa Karani, kilichoondolewa kazini hakikuwa takataka. Kilikuwa kimestaafu, na mstaafu hamsumbui mtu.

Kanuni hiyo, njema kabisa kwa karatasi, ndiyo iliyokaribia kumfungia mwanawe mlango wa shule.

Mwana huyo alikuwa binti wa miaka tisa. Nyumbani walizoea kumwita Jaji, kwa sababu alikuwa na namna ya kumtazama mtu kwa pembe ya jicho, kimya, mpaka mtu huyo aanze kujitetea bila kushtakiwa. Siku aliyozaliwa, wakunga walikuwa wawili na wazazi kumi na mmoja. Zamu ya Karani, mama yake, ilipofika, ubongo wa mtoto ulikuwa umeshakosa hewa kwa dakika ambazo hakuna aliyezihesabu. Alibaki na mikono inayotetemeka, shingo inayochoka upesi na ulimi usiotii. Akili haikuguswa. Karani alilijua hilo kama ajuavyo kiganja chake, na mama yake Karani, ambaye ndiye aliyeshinda na mtoto mchana kutwa, alilijua zaidi. Lakini kulijua jambo na kulithibitisha ni mambo mawili, na ofisi haziendeshwi kwa la kwanza.

Aliyemfungulia njia ya uthibitisho alikuwa mwalimu wa kompyuta, mwanamume mwembamba aliyetembea na nyaya shingoni kama daktari na kipimo chake, hata wanafunzi wakamwita Waya. Huyu alikuwa akiwafundisha wanafunzi kutunga programu kwa vipande vya rangi. Hapakuwa na haja ya kuandika amri. Unachagua kipande chenye amri tayari, unakiburuta kwa kipanya, unakipachika chini ya mwenzake, nacho kinanasa kama kifungo cha shati kinapopata tundu lake. Juu ya kila safu kuna kipande cha kichwa, ambacho husema safu ianze lini: kitufe kikibonyezwa, saa ikifika, kifaa kikitikiswa. Karani alisimama mlangoni siku moja akiwa amepeleka orodha ya mahudhurio, akatazama, na hakuondoka mpaka kengele ilipolia.

"Mwalimu," alimwambia, "hicho kifaa kinaweza kumsemea mtu?"

"Kinaweza kumsemea hata mkwe wako, Mama Jaji. Kazi itakuwa kukinyamazisha."

Kwa miezi kumi Karani alikula chakula chake cha mchana nyuma ya darasa la kompyuta. Alijifunza polepole, kwa ukaidi wa mtu aliyewahi kujifundisha mwenyewe kupiga chapa kwa vidole kumi. Waya alimpatia kishikwambi cha zamani ambacho maabara ilikuwa imekikataa. Humo Karani alijenga vitufe arobaini na vitatu, kila kimoja na picha yake na neno lake. Jaji akibonyeza, kifaa kinatamka neno hilo kwa sauti ya Karani mwenyewe, iliyorekodiwa masijalani madirisha yakiwa yamefungwa.

Safu ya kwanza kabisa, hata hivyo, haikuwa na kitufe. Wakati ule kidole cha Jaji kilikuwa hakijaweza kulenga kitu. Kilichokuwepo ni mtetemo tu. Karani akachukua mtetemo huo huo: kifaa kikitikiswa, sema "Sitaki". Mtoto aliyekuwa amelishwa, kuvalishwa na kulazwa kwa miaka minane bila kuulizwa alipogundua kwamba mkono wake unaweza kukataa, alikataa kila kitu kwa mwezi mzima. Kuoga, sitaki. Soksi, sitaki. Mgeni, sitaki, tena mbele ya mgeni.

"Mke mwenzangu huyu amezaliwa mara ya pili," alisema Bibi, mama yake Karani, "na safari hii amezaliwa na kiburi chake."

Karani alilia jikoni, kwa furaha, maji ya bomba yakiwa wazi ili asisikike.

Kidole kilipojifunza kulenga, safu ile haikuhitajika tena. Karani hakuifuta. Aliisukuma kulia, mbali kabisa, nje ya upeo wa skrini, alikokuwa akizisukuma safu zote alizoacha kuzitumia. Kishikwambi chenyewe kilikuwa kimefungwa kwa parafujo kwenye ubao wa meza ya chakula, hakitikisiki; na safu ile ilikaa kimya kama jalada la kijivu.

Kisha ikafika siku ya tathmini.

Ofisi inayoamua ni mtoto gani aende shule ya kawaida na yupi abaki nyumbani haikuwa na meza ya kimo cha kiti cha magurudumu. Kwa hiyo kishikwambi, kilichokuwa kimefunguliwa parafujo asubuhi ile, kiliwekwa mapajani mwa mtoto. Mtathmini, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliuliza swali lake la kwanza macho yakiwa kwenye fomu.

"Unataka kwenda shule?"

"Ndiyo," kikasema kifaa. Mkono wa Jaji ulipokuwa ukirudi, mapaja yake yakatetemeka, kama yanavyotetemeka kila anapojitahidi. "Sitaki," kikasema kifaa. "Sitaki. Sitaki."

"Unamjua huyu ni nani?"

"Mama. Sitaki. Sitaki."

Karani hakuelewa kinachotokea. Alisikia sauti yake mwenyewe ikimkana, mara kumi, mara kumi na tano, na kadiri Jaji alivyozidi kuhangaika kurekebisha jibu, ndivyo alivyozidi kutetemeka. Kikao kilidumu dakika kumi na moja. Barua iliyofuata ilikuwa na mistari mitatu: majibu yanakinzana; uelewa hautoshi; hafundishiki. Dakika kumi na moja, na neno ambalo hakuna mwalimu mwenye haya angelitumia hata kwa mbuzi. Karani aliandika rufaa ya kurasa nne isiyo na kosa hata la nukta. Akajibiwa kwamba mtoto ataonwa mara moja zaidi, Alhamisi, saa nane mchana, na kwamba baada ya hapo faili litafungwa. Mtu wa masijala haelezwi maana ya faili kufungwa.

Jumatano Waya alikipakata kishikwambi, akakitikisa mara moja, kikasema "Sitaki." Akafungua programu kwenye kompyuta, akaipunguza ukubwa, akaipunguza tena, mpaka safu zote zikawa kama siafu, na kule mwisho kabisa wa kulia ikaonekana safu moja ndogo, na nyingine kadhaa nyuma yake.

"Mama Jaji, hii hapa ni nini?"

"Hiyo haitumiki. Niliiweka kando tangu zamani."

"Kwenye karatasi, mama, ukiweka kando imekufa. Huku, safu yenye kichwa inaishi hata uisukume mpaka mwisho wa dunia. Kifaa hakijui kando wala katikati. Kikitikiswa tu, kinaitika."

Karani alikaa kitini. Hakuna aliyemhujumu mtoto wake. Ni yeye, kwa utaratibu wake mwenyewe wa kazi, uliomletea sifa miaka yote ile.

"Basi uifute," alisema Waya. "Unaishika kwa kichwa, unaiburuta mpaka kwenye hili pipa la taka pembeni, unaachia. Imekwisha. Na kabla ya hapo weka nakala ya programu yote."

"Nakala ya nini? Jalada la jambo moja ni moja, mwalimu. Majalada mawili ndiyo mwanzo wa uongo."

"Haya, sheria zako. Lakini fanya leo. Kesho nasimamia mtihani, na simu tunazikabidhi mlangoni."

Hakufanya siku ile. Alisema anawahi usafiri, na ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Lilikuwa neno la kwanza la mtoto wake. Kulitupa palepale, mbele ya mwanamume mwenye nyaya shingoni, hakuweza.

Alhamisi saa tatu asubuhi, masijala ikiwa imefungwa kwa ndani, aliishika safu ile kwa kichwa, akaiburuta, akaachia. Pipa lilifunua mfuniko, likafunika. Haikuuma kama alivyodhani. Kwa hakika kilichomjia hakikuwa huzuni bali hasira: hasira juu ya vyote alivyowahi kuvihifadhi, juu ya makabati, juu ya vumbi, juu ya ile fahari ya kijinga ya kutotupa. Akazishika safu nyingine kuukuu, moja baada ya nyingine, akazimwaga pipani. Mkono ukapata mazoea. Akakumbuka kwamba ndani ya safu kuu, ile ndefu iliyobeba maneno yote ya Jaji kutoka juu hadi chini, kulikuwa na kipande kilichorudufika, kwa sababu neno "Maji" lilitamkwa mara mbili. Akakitafuta. Bado alikuwa akizitazama safu kwa umbo lile la siafu aliloonyeshwa na Waya. Akakishika kipande kimoja cha "Maji", akakiburuta, akaachia. Akahifadhi, akafunga programu, akaihamishia kwenye kishikwambi, kazi iliyochukua dakika arobaini kwa mtandao wa shule. Alipiga mihuri barua za karo huku akisubiri, na aliwahi hata kuimba kidogo.

Kisha akajaribu. Akakitikisa kifaa: kimya. Akashukuru. "Ndiyo," kikasema kitufe cha kwanza. "Hapana." "Mama." "Bibi." "Nimechoka." Akabonyeza "Maji". Kimya. Akabonyeza "Rafiki". Kimya. "Kusoma", "Jina langu", "Inauma", "Naogopa", "Tisa". Picha zilikuwepo, maneno yalikuwepo yameandikwa, na hakuna hata kimoja kilichotoa sauti.

Alikuwa amesahau, au hakuwahi kuelewa vema, jambo ambalo wanafunzi wa Waya walilijua wiki ya pili: kipande ukikishika katikati ya safu, hakitoki peke yake. Kinatoka na vyote vinavyoning'inia chini yake. Na kwa kuwa vilikuwa vidogo kama siafu, hakuuona mkia. Maneno thelathini na manane yalikuwa yamekwenda pipani kwa mkupuo mmoja wa kiganja, na pipa lile, programu ikishafungwa, halina kurudisha.

Alitoka mbio. Watu walikuwa hawajawahi kumwona Karani akikimbia. Mpishi wa shule alisimama na mwiko mkononi. Ukumbi wa mtihani ulikuwa kimya, madirisha yamefunguliwa nusu, na Waya alikuwa akipita katikati ya madawati mikono nyuma. Msimamizi mkuu alimkinga mlangoni.

"Mama, hapa hapaingiliki. Unajua sheria."

"Ninazijua. Mimi ndiye ninayezipiga chapa."

"Basi umesaidia kazi yangu."

Akazunguka dirishani. Akaandika kwa kalamu nene nyuma ya bahasha: NIMEFUTA YOTE. Akaiinua. Waya aliisoma, akasimama. Kwa mikono iliyofichwa kifuani aliuliza kwa ishara, kiganja juu ya kiganja: nakala? Karani akatikisa kichwa. Mwalimu akafumba macho kidogo, akayafumbua, na msimamizi mkuu akakohoa, naye Waya akaendelea kutembea kati ya madawati.

Saa nne na nusu mkuu wa shule alihitaji orodha ya watahiniwa, nakala sita, mara moja. Karani aliichapa akiwa amesimama. Hakumwambia mkuu habari za mtoto. Aliwahi kumwambia mwaka uliopita, na mkuu alimjibu, kwa upole wote, kwamba kila nyumba ina msalaba wake. Kana kwamba mtoto alikuwa ubao wa kubebwa begani. Orodha ilipokwisha ilikuwa karibu saa tano na nusu. Sauti zilikuwa bado zimo ndani ya programu, ila kila neno lilihitaji vipande vitano vipya vya kuliunganisha na kitufe chake. Alipiga hesabu. Angeweza kujenga maneno matatu, kisha dakika arobaini za kuhamisha, kisha safari.

Matatu. Mtoto wa miaka tisa anayekwenda kujitetea mbele ya ofisi anahitaji maneno gani matatu? Aliyapekua maneno kichwani kama mtu anayeokoa vitu nyumba ikiungua. "Naogopa"? Lingewafurahisha. "Jina langu"? Jina wanalo kwenye fomu. Akampigia simu mama yake.

"Mama, nimeharibu. Nina nafasi ya maneno matatu tu. Niweke yapi?"

Bibi hakuuliza ameharibuje. "La kwanza lingekuwa 'Niacheni', lakini nadhani hukulirekodi."

"Mama, tafadhali."

"Basi weka 'Rudia swali'. Wakubwa hupenda kuulizwa tena, hudhani wameheshimiwa. Weka 'Sijui', maana asiyesema sijui huonekana mjinga. La tatu weka la shule yenyewe."

"'Shule' tu, hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na unawe uso kabla hatujaja."

Saa nane kasoro robo walikuwa kwenye benchi la ukumbini, Bibi upande huu, Karani upande ule, Jaji katikati katika kiti chake cha magurudumu, amevaa gauni la mistari lililopigwa pasi mara mbili. Karani alipiga goti mbele yake. Hakumdanganya, alikuwa ameapa tangu zamani kwamba mtoto asiyeweza kuuliza asidanganywe.

"Mwanangu, lile 'Sitaki' la kujitokeza limetoka. Lakini nimefuta na mengine. Ni kosa langu mimi, si lako. Yanayosema ni manane tu. Mengine yamo, ukiyabonyeza hayasemi."

Jaji akabonyeza "Rafiki". Akasubiri. Akabonyeza tena. Akamtazama mama yake kwa pembe ya jicho, kwa muda mrefu, na Karani akahisi anasimamishwa kizimbani. Kisha kidole kikasogea.

"Hapana," kikasema kifaa, kwa sauti ya Karani.

Hakujua hapana hiyo ilikuwa ya nini. Kama ni hapana siingii, kama ni hapana sikusamehi. Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

"Bibi atasubiri nje," alisema mtathmini. "Wewe mama kaa pale ukutani. Safari iliyopita uliingilia sana. Leo ukisema neno moja, kikao kimekwisha. Tumeelewana?"

Karani alikubali kwa kichwa. Alikaa, akaishikilia mikono yake miwili kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Jina lako nani?" aliuliza mtathmini, kalamu tayari, macho chini.

Kidole cha Jaji kilisafiri, kikatetemeka, kikatua juu ya "Jina langu", kitufe kilichokuwa kikilitaja. Kimya. Kikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Kutoka alipokaa Karani aliuona wazi ukucha ukiwa mweupe kwa kukandamiza.

"Hajibu," alisema mtathmini, akaandika.

"Una miaka mingapi?"

"Tisa" ilikuwa kona ya chini, mbali, na kuifikia kulimgharimu mtoto bega zima. Akaifikia. Kimya.

"Hajibu." Akaandika.

Karani aliuma ndani ya shavu mpaka akaonja damu. Mtu mzima, mwenye macho mawili na miwani juu yake, alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwa jibu, na hakuliona kwa sababu fomu ilimtaka asikie. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya: kuwaona watoto wasiosikika.

"Kwa nini unataka kwenda shule?"

Kidole kikaenda kwenye "Kusoma". Kimya. Mtathmini akainamisha kalamu kuandika mara ya tatu, na kabla wino haujagusa karatasi kifaa kikasema: "Rudia swali."

Kalamu ikasita. "Nasema, kwa nini unataka kwenda shule?"

Kusoma. Kimya. "Rudia swali."

"Kwa nini," alisema mtathmini polepole, kwa sauti ile watu wanayoitumia kwa viziwi na wageni, "unataka, kwenda, shule?"

Kusoma. Kimya. Mtathmini akashusha pumzi, akaandika *Hajibu*. "Rudia swali," kikasema kifaa.

"Nimelirudia mara mbili, mtoto."

"Hapana."

"Hapana nini? Hapana sikulirudia?"

"Hapana." Kisha: "Rudia swali."

Mtathmini alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Akamgeukia Karani. "Anabonyeza nini huyu?"

Karani akajifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Machozi yalikuwa yakimshuka juu ya vidole. Kama ni mtego, hataingia. Faili halitafungwa kwa ulimi wake.

Feni ya dari iligeuka, ikapeperusha ukingo wa fomu. Hatimaye kiti kilikwaruza sakafu; mtathmini akainuka kwa uzito, akaizunguka meza yake, akasimama nyuma ya bega la Jaji. Ilikuwa mara ya kwanza, katika vikao viwili, kwa mtu wa ofisi ile kusimama upande wa mtoto.

Kidole kilikuwa kimerudi kwenye kitufe kile kile kisichosema, kinatetemeka, hakiondoki.

"Kusoma," alisoma mtathmini. "Ndilo jibu lako? Kusoma?"

"Ndiyo."

"Kumbe kifaa kimeharibika?"

"Ndiyo."

"Nani amekiharibu?"

Kidole hakikusita hata kidogo. "Mama," kikasema kifaa, kwa sauti ya mama mwenyewe, safi, isiyo na kinyongo.

Mtathmini alitoa mlio mfupi puani ambao ungeweza kuwa kicheko kama angekuwa mahali pengine. Akavuta kiti chake, akakileta upande ule, akaketi ubavuni kwa mtoto, miwani puani. Akauliza upya, jina, umri, siku ya leo, kipi kizito kati ya jiwe na unyoya, na safari hii alifuata kidole kwa macho, na pasipokuwa na kitufe akamtajia majibu achague kwa "Ndiyo" na "Hapana". Jaji alijibu kwa vitufe bubu, kimoja baada ya kingine, mpaka shingo yake ikaanza kulala. Na alipochoka kabisa alisema "Nimechoka", neno lenye sauti, akapumzishwa dakika tano, wakaendelea. Alikosea mawili. La pili lilikuwa la jina la kiongozi fulani, na Karani, kama angeulizwa, naye angelikosea.

Dakika thelathini na tano baadaye mtathmini aliichukua ile fomu yenye *Hajibu* tatu, akaitazama, akaichana mara mbili, akatoa mpya kutoka droo ya chini. Karani, ambaye mkono wake ulijiinua kutaka kuvipokea vile vipande, aliurudisha mapajani.

Mtathmini akamwita mezani kwa ishara, kisha kalamu ikaandika kwa muda. Makarani husoma maandishi yaliyopinduka. Alisoma kabla hajaonyeshwa. *Anaelewa. Apokelewe kwa muhula mmoja wa majaribio, kisha atathminiwe tena.*

"Sasa unaweza kusema, mama," alisema mtathmini, akiisukuma fomu mbele yake isainiwe.

Kwa saa nzima Karani alikuwa ameyakusanya maneno ya kumwambia mwanamke huyu, mengine makali, yote kwa sarufi safi. Sasa hakuona hata moja linalofaa. "Muhula mmoja," alisema.

"Ndivyo utaratibu ulivyo. Wengi hawaupati."

"Najua kwamba wengi hawaupati. Hilo ndilo linaloniudhi." Akasaini. "Darasani watakuwa sitini. Mwalimu wake ataweza kuinuka kila mara aje kutazama kidole?"

Mtathmini alifikiri. Ilionekana kweli alikuwa akifikiri. "Tengeneza kifaa, mama," alisema mwishowe, si kwa ubaya. "Tengeneza kabla shule hazijafunguliwa."

Zilibaki siku kumi na moja. Maneno thelathini na matano, vipande vitano kila moja, baada ya saa za kazi, na Waya amefungwa na mitihani mpaka siku ya kumi. Karani alianza kupiga hesabu hiyo kabla hajafika mlangoni, na haikukubali.

Nje, Bibi alisimama kwa kujishika ukuta. "Wamesemaje?"

"Muhula mmoja. Wa kumjaribu."

"Wamjaribu tu. Na sisi tutawajaribu wao." Bibi akamwinamia mjukuu wake, akamtazama usoni, halafu akayatazama magoti yake yaliyoanza kusuguana. "Mke mwenzangu, wewe unataka choo. Tangu saa ngapi? Mwanangu, uliza kiko wapi."

Karani akauliza. Mlinzi, bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari lake la wageni, akaonyesha ngazi kwa kalamu. Choo kilikuwa ghorofa ya pili. Lifti haikuwepo, katika jengo ambalo watoto wale wote huletwa.

Karani akafungua mikanda ya kiti, akampa mama yake kishikwambi, akamnyanyua mwanawe mwenye miaka tisa na miguu mirefu, akaanza kupanda.